Santuri Iliyonikana

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha mahali pabaya: mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, na ufunguo hauingii. Nilidhani nimekosea nyumba. Nikasoma namba ukutani. Namba ni yetu. Kitasa ndicho kilichokuwa kigeni.

Kwa ambaye hakuwapo, nitasema kwa ufupi maana roho inaniuma. Nilikuwa mpiga gitaa la pili katika bendi iliyovuma enzi za santuri. Waliniita Ridhimu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopiga. Aliyesimama kulia kwangu tulimwita Solo, na huyo ndiye aliyetazamwa na watu. Maishani nilitunga wimbo mmoja tu uliopendwa, "Kishikizo cha Tatu", na kwa wimbo huo nikapata mke. Sasa juzi Solo kaenda redioni, kwenye kipindi cha historia ya bendi za zamani, akasema wimbo ule aliutunga yeye, na kwamba alinionea huruma akaniazima nitongozee.

Mke wangu alimsikia akiwa kwenye cherehani. Hakupiga kelele. Alimwita fundi wa vitasa.

Basi nikagonga.

"Nani?" Hiyo sauti ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Shemeji, acha utani. Ni mimi, mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba yuko ndani anashona."

Nikabaki nimeshika ukuta. Cherehani ikanyamaza. Dirisha la mbele, lile ambalo wateja hupitishia nguo, likafunguka nusu, na mke wangu akatokeza uso. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo nikiwa na shida. Shida nilikuwa nayo.

"Fundi wangu, nifungulie."

"Baba yangu alikukataa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Alisema mpiga gitaa hana kesho. Mimi nikamjibu mbele ya wajomba zangu kwamba mtu aliyenitungia wimbo ule namfuata hata akiwa hana viatu. Baba akanyanyuka, akaondoka. Akafa hatujasemezana. Nilimkosea baba yangu kwa ajili ya wimbo. Leo naambiwa wimbo ni wa mwingine."

"Ni wangu! Haki ya Mungu ni wangu!"

"Solo naye kaapa hivyo hivyo. Mungu mmoja, mnaapa wawili."

Nikamwambia Solo ni mwongo tangu tumboni. Nikamwambia mengine ambayo mhariri wa gazeti hili hawezi kuyachapa. Fundi akaningoja nimalize, kama anavyomngoja mteja anayelalamikia suruali huku amenenepa mwenyewe.

"Nimempigia simu mtangazaji," akasema. "Kesho mchana mtakaa meza moja, wewe na Solo. Ataweka santuri, na kila mmoja atapiga gitaa pamoja nayo. Mimi nitakuwa nasikiliza hapa. Ukipiga sawasawa na santuri, utakuta mlango wazi. Usipopiga, utakuta sanduku lako nje."

"Na gitaa?"

"Gitaa chukua sasa hivi."

Likapitishwa dirishani, shingo mbele. Likakwama kwenye nondo. Tukavutana, mimi nje, shemeji ndani, hadi likatoka na mkwaruzo mbavuni. Nikaenda kukaa kibarazani kwa jirani, kufunga nyuzi.

Hapa nieleze jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Gitaa lina nyuzi sita, na uzi wa nne ni mnene. Mimi niliutoa, nikafunga mahali pake uzi mwembamba kama ule wa kwanza, nikaukaza ulie juu. Nikibana kordi ya kawaida kabisa, ya vidole vitatu, unasikia kama wapiga gitaa wawili. Watu wakauliza, huyu Ridhimu ana vidole vingapi? Nikacheka. Ninavyo kama vyenu.

Enzi zile hatukuogopa wezi wa mfukoni. Tuliogopa wezi wa vidole. Wapiga gitaa wa bendi nyingine walilipa kiingilio wakasimama chini ya jukwaa, macho kwenye mkono wako wa kushoto. Kwa hiyo penye utamu tuligeuka, tukawapa mgongo. Na onyesho likiisha, kabla hujaweka gitaa chini, unalegeza nyuzi zote, asije mtu akaligusa akajua siri yako.

Sasa niambieni, nitamtoa wapi shahidi aliyewahi kuona vidole vyangu? Nilihakikisha mwenyewe asiwepo. Ujanja wangu wa ujanani ulikuja kunikaba uzeeni.

Ndani ya mfuko wa gitaa nilikuwa nimetunza uzi mmoja umeviringwa kwenye karatasi. Ndio uliolia siku tuliporekodi. Nikaufunga huo.

Shemeji alikuwa ananichungulia dirishani. "Shemeji, huo uzi si una kutu?"

"Huu ndio uliolia kwenye santuri."

"Hata babu alikuwa fowadi. Leo nani atampanga?"

"Wewe unajua nini kuhusu gitaa?"

"Sijui kitu. Kutu naijua."

Sikumsikiliza. Laiti ningemsikiliza!

Chumba cha redio kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji, hakuna dirisha. Meza, vipaza sauti vitatu, mashine ya santuri pembeni. Mtangazaji ni binti mwenye umri wa mwanangu, mdomo mwepesi, masikio yamezibwa na vile vya kusikilizia. Solo alikuwa ameshafika. Suti. Nywele zimepakwa piko hadi paji la uso limechafuka.

"Ridhimu, ndugu yangu! Bado unapumua?"

"Nakusubiri utangulie."

"Wazee, tuko hewani," mtangazaji akasema, na taa nyekundu ikawa inawaka kweli.

Akawaeleza wasikilizaji mambo yalivyo. Akaweka santuri. Solo akaanza.

Haki yake nitampa, maana sisi wapiga gitaa tunaweza kuchukiana lakini masikio hayasemi uongo. Alipiga vizuri. Aliingia na santuri, akatembea nayo, akatoka nayo. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya nyuzi zote, amezibana zote sita, na mkono umesogea hatua moja juu ya pale ninapobana mimi. Nikaona ajabu kidogo. Nikadhani ni maringo yake ya kawaida.

Mtangazaji akapiga makofi. "Mzee Ridhimu, zamu yako."

Nikatoa mfukoni kiuma changu cha chuma, kile cha kupimia sauti. Bendi nzima tulisawazishia vyombo kwa kiuma hicho. Nikakigonga gotini, nikakitega sikioni, nikaweka nyuzi sawa moja baada ya moja. Wimbo wenyewe una kordi tatu, G, C na D. Mwanafunzi wa gitaa anazijua kabla hajajua kushika gitaa vizuri. Niliutunga hapo kwa sababu hapo uzi wangu mwembamba unalia mtupu, bila kubanwa, na ndio utamu wake.

Santuri ikaanza. Nikaingia.

Jamani! Kelele iliyotoka pale ilikuwa ya mapaka mawili yanagombana juu ya bati. Santuri ilikuwa upande wake, mimi upande wangu. Nikatazama vidole vyangu. Viko palepale vilipokuwa siku zote. Mtangazaji akainua sindano.

"Mzee, umeteleza? Tuanze tena."

Tukaanza tena. Paka walewale.

"Mnaona wenyewe," Solo akasema kwenye kipaza sauti, pole pole, kwa huruma ya kinafiki. "Ridhimu wa watu. Hata ridhimu inamkataa."

Jasho likanitoka hadi kwenye macho. Nilikuwa namwona Fundi amekaa mbele ya redio, mkono kwenye gurudumu la cherehani, ananisikia nikijikaanga mwenyewe. Mbona wimbo wangu unanikana? Nimeutunga mimi! Nilianza kujitilia shaka, ndugu msomaji. Nilijiuliza kama nimeota maisha yangu yote.

Nikasikia kwamba santuri iko juu yangu kidogo tu. Nusu sauti. Nikashika vishikio vya nyuzi, nikaanza kuzikaza niifukuzie. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikafika kwenye ule wa nne.

Paa! Uzi ukakatika, ukanichapa shavuni.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

"Wasikilizaji, mliousikia huo ni uzi umekatika," akasema mtangazaji.

"Na ndoa," Solo akanong'ona. Alidhani amenong'ona. Kipaza sauti kilimsikia.

Nikalaza kichwa mezani. Sioni aibu kusema kwamba nililia. Mtu mzima, na mvi zangu, kwenye meza ya redio ya watu. Mtangazaji akaona vibaya kuninyanyasa. Akasema, "Tupumzike kidogo na wimbo wenyewe," akairudisha sindano kwenye santuri ili wasikilizaji wasisikie kwikwi zangu.

Mwimbaji wetu akaingia. Marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa na sauti nzito hadi tukamwita Mapipa. Akisema "habari" chumba cha pili, glasi zinatikisika. Lakini kwenye santuri alisikika kijana, kijana kabisa wa kupeleka barua za mapenzi. Tulikuwa tukimtania, kwamba studio imempunguzia umri bure.

Nikainua kichwa.

Studio imempunguzia umri.

Nikamkumbuka tajiri wa studio, siku ile ya kurekodi, amesimama mlangoni na sigara. "Wimbo wenu mrefu. Hauingii kwenye upande mmoja wa santuri. Kateni ubeti." Tukagoma. Mapipa akasema ukikatwa ubeti na yeye akatwe kichwa. Tajiri akatupa sigara. "Basi nendeni nyumbani. Nitajua la kufanya."

Alijua la kufanya! Alipouhamishia wimbo kwenye santuri, aliikimbiza mashine. Wimbo ukatoka mfupi kidogo, na kila kilichokuwemo kikapanda juu kidogo, sauti ya Mapipa na gitaa langu. Sisi tukaendelea kuupiga jukwaani palepale pa zamani. Nani kati yetu aliwahi kukaa na santuri yake mwenyewe akapiga nayo pamoja? Hiyo ni kazi ya wanaojifunza.

"Punguza!" nikapiga kelele. "Binti yangu, hiyo mashine ina kitu cha kupunguza mwendo?"

"Kipo, mzee, lakini..."

"Punguza kidogo! Sikiliza sauti ya mwimbaji. Taratibu. Bado. Bado. Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Na Mapipa akaingia chumbani. Ile sauti yake yenyewe, nzito, ya kutikisa glasi. Solo akashtuka, akatazama mlangoni. Naapa alitazama mlangoni.

Nikalegeza nilizokaza, kiuma sikioni, nikaingia na nyuzi tano zilizobaki. G. C. D. Tukaenda sawa, mimi na santuri na marehemu, bila paka hata mmoja.

"Sasa piga wewe," nikamwambia Solo.

Akapiga. Mkono wake ukaenda palepale alipozoea, hatua moja juu. Safari hii paka walikuwa wake.

"Wasikilizaji," nikasema, na sasa nilikuwa na sauti, "pale anapobana Solo hakuna uzi hata mmoja unaolia mtupu. Mtunzi gani anajitafutia mateso hayo? Pale hapatungiwi. Pale panapatikana kwa kuufuata wimbo kwenye santuri, baada ya tajiri wa studio kuukimbiza!"

"Kwa hiyo aliyelingana na santuri..." mtangazaji akaanza.

"Ndiye aliyejifunza kwa santuri!"

Niliuona mlango wangu wazi, ndugu msomaji. Niliuona kabisa, na Fundi amesimama pale na pini zake mdomoni. Laiti kipindi kingeishia hapo.

Solo akaanza kucheka. Kicheko cha chini, cha mtu aliyechoka. Akavua gitaa begani.

"Sawa," akasema. "Wimbo ni wake. Nilisema uongo. Sasa muulizeni shati lilikuwa la nani."

Moyo ukanipasuka. Maana shati ndilo wimbo wenyewe.

Bendi yetu ilivaa sare, mashati meupe, na aliyeyashona alikuwa binti mmoja fundi, kabla hajawa mke wa mtu. Siku moja nikavaa shati langu nikaona kishikizo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Vingine vyote vyeupe. Fundi yule hakosei uzi. Nikajua hiyo ni salamu. Nikakaa na gitaa, nikatunga. Kisha nikamwendea nimelivaa. Alilitazama lile shati kwa muda, akanitazama mimi, akatabasamu. Nimeishi kwa tabasamu lile hadi leo.

"Dobi alituletea mashati yote kwenye fungu moja," Solo akasema. Hakuwa anamwambia mtangazaji. Alikuwa ananiambia mimi. "Wewe na mimi tulikuwa na mwili mmoja. Lile lilikuwa langu, Ridhimu. Kishikizo kilidondoka, nikampelekea. Alikishona nikiwa nimesimama mbele yake, akakata uzi kwa meno, akaniambia, 'Huu usiutoe.' Baada ya kufuliwa nikalikosa kwenye fungu, nikavaa la kwako. Kuja kushtuka, nakusikia unatunga."

"Mwongo."

"Ningesema nini? Kwamba umeniibia mchumba kwa kuvaa shati? Nikanyamaza. Nikapiga solo kwenye wimbo wa mapenzi yangu mwenyewe, kila Jumamosi, na wewe pembeni unatabasamu. Ndiyo maana juzi nikasema wimbo ni wangu. Wimbo si wangu. Ila umetungwa juu ya kishikizo changu."

Mtangazaji, yule mwenye mdomo mwepesi, akavua vile vya kusikilizia masikioni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walikuwa wanasema shati.

Nikatoka mbio. Gitaa nikaliacha mezani. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba redio zilikuwa wazi kwenye maduka yote, na watu wananitazama kama jeneza linalotembea lenyewe.

Nikafika. Mlango ulikuwa wazi.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kazi. Sanduku langu liko sakafuni, limefunguliwa, na lile shati jeupe, ambalo nilikuwa nimelitunza chini kabisa, liko mapajani mwake. Mkasi mkononi. Futi kamba shingoni. Shemeji amesimama kwenye pazia anajifuta macho kwa kitambaa cha mteja.

"Umeshinda," Fundi akasema. "Wimbo ni wako, nimesikia kwa masikio yangu. Mlango nimeufungua. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi."

"Solo anasema..."

"Nimemsikia anachosema."

"Ni kweli?"

Akalikunjua shati, akalinyoosha kwa kiganja. Uzi mwekundu ulikuwa umefifia ukawa wa waridi.

"Unataka nikujibu kama fundi, au nikujibu kama mke?"

"Tofauti yake nini?"

"Kama fundi, nitapima mabega ya shati hili nikuambie lilikatwa kwa mwili wa nani. Mlifanana kwa macho ya dobi, si kwa futi yangu. Kama mke, nitakuambia siku ile uliponijia umelivaa, niliwaza nini. Jibu moja utalipata leo. Lingine nitazikwa nalo."

"Fundi, usinifanyie hivyo."

"Chagua."

Nikaitazama ile futi shingoni mwake. Ilikuwa kazi ya dakika moja tu. Dakika moja na nitajua kama maisha yangu ni yangu au nimeyaokota kwenye fungu la dobi. Nikataka kujua. Nilitaka kujua hadi meno yakaniuma. Lakini nilikuwa nimetoka redioni kudai kipimo, na kipimo kilinipa haki yangu, na mmeona wenyewe haki hiyo imenifikisha wapi.

"Kama mke," nikasema.

Fundi akaweka mkasi chini. Akaivua futi shingoni, akaiviringa, akaifungia kwenye droo ya cherehani. Kisha akamwambia mdogo wake, bila kunitazama, "Toka nje, ufunge mlango. Na huyo aliyesimama ng'ambo ya barabara mwambie asubiri hapo hapo. Nikimaliza na huyu, nina neno na yeye."

Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, kwenye jua, Solo alikuwa amesimama na gitaa langu mkononi.

Shemeji akatoka. Kile kitasa kipya kikalia.

"Kaa," akasema mke wangu.

Nikakaa.